Kiti cha Nyuma: Historia ya Starehe ya Mpandaji wa Vyombo vya Magurudumu Mawili katika Pwani ya Mtwara na Maingilio ya Mto Ruvuma

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna starehe ya kupanda vyombo vya magurudumu mawili ilivyotengenezwa, ilivyogawanywa na ilivyokosekana katika pwani ya Mtwara, tangu kujengwa kwa bandari ya kina kirefu hadi kuingia kwa vyombo vya umeme katika Afrika Mashariki. Kichocheo chake ni kuibuka kwa aina mpya ya baiskeli ya umeme ambayo sura yake imeigwa kutoka pikipiki za mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo husifiwa zaidi kwa ulaini wa mwendo wake. Hoja kuu ni kwamba starehe si sifa ya chombo peke yake. Ni uhusiano baina ya kiti, gurudumu, barabara, mzigo na nafasi ya mtu juu ya chombo. Katika Mtwara uhusiano huo ulimpendelea daima anayeshika usukani na kumwachia abiria wa nyuma sehemu kubwa ya maumivu. Insha inahitimisha kwamba chombo cha umeme kitakachopimwa kwa starehe ya mwendeshaji tu kitairudia historia hiyo.

1.0 Utangulizi

Historia ya usafiri wa kusini mwa Tanzania imezoeleka kuandikwa kupitia miradi mikubwa. Tunasoma habari za Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, za bandari ya Mtwara iliyokamilika mwaka 1954, na za reli ya kwenda Nachingwea iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kukosa mzigo wa kuibeba gharama yake. Tunasoma pia habari za Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003 na kumaliza utegemezi wa pantoni, na za Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010. Masimulizi haya ni ya lazima, lakini yana upungufu mmoja. Reli iliondoka, pantoni zilisimama, barabara zilikatika kila masika, na watu waliendelea kusafiri. Kutoka Mtawanya kwenda Mtwara mjini, kutoka Msimbati kwenda sokoni, kutoka Nanyamba kwenda zahanati, safari za kila siku zilifanywa kwa miguu na, kwa wenye uwezo, kwa magurudumu mawili.

Pale vyombo hivi vinapotajwa katika maandishi ya historia, hutajwa kwa idadi, kwa bei au kwa ajali. Mwili wa anayevipanda hautajwi. Insha hii inauliza swali ambalo kwa juu juu laweza kuonekana dogo: nani alikaa vizuri, nani alikaa vibaya, na kwa nini?

Lugha yenyewe inatupa mahali pa kuanzia. Kiswahili hutofautisha kuendesha na kupanda. Anayeendesha anapanda, lakini si kila anayepanda anaendesha. Kwa abiria wa nyuma kuna kitenzi cha tatu, kupakia: mtu humpakia mwenziwe kwenye baiskeli kama anavyopakia gunia la korosho. Katika kitenzi hicho mtu na mzigo havijatenganishwa. Sehemu zinazofuata zinaonesha kwamba watengenezaji wa vyombo nao hawakuvitenganisha kwa muda mrefu.

2.0 Ushahidi na namna ya kuusoma

Insha hii inasoma vyombo vyenyewe kama ushahidi wa kihistoria. Fremu, kiti, keria, springi na tairi ni nyaraka. Kila kimoja kinaeleza mtengenezaji alimfikiria mpandaji gani na barabara gani. Ushahidi wa pili ni mabadiliko yanayofanywa na watumiaji na mafundi baada ya chombo kununuliwa, kama vile sponji inayofungwa kwenye keria, chuma kinachoongezwa au kiti kinachoshonwa upya. Pale ambapo mtumiaji analazimika kubadili chombo, mtengenezaji aliacha pengo. Ushahidi wa tatu ni sera na sheria zilizoamua ni vyombo gani viingie nchini na nani aruhusiwe kubebwa.

Mipaka ya kijiografia ni Manispaa ya Mtwara, Mikindani, vijiji vya pwani hadi Msimbati, na njia zinazoelekea kivuko cha Kilambo kwenye Mto Ruvuma, pamoja na uwanda wa juu wa Makonde pale ambapo safari za pwani zinaanzia au kuishia huko.

3.0 Baiskeli ya chuma na keria isiyo na springi

Baiskeli iliyotawala njia za Mtwara kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ni ile ya Kiingereza yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma na fremu nzito. Asili yake ni uvumbuzi wa aina mbili. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, alitengeneza tairi la upepo. Hatua hii ya pili ndiyo iliyokuwa mapinduzi ya starehe, kwa maana tangu wakati huo mshtuko wa jiwe ulianza kumezwa na hewa kabla haujaufikia mfupa.

Viwanda vya Uingereza, kikiwemo cha Raleigh cha Nottingham, vilitengeneza aina hii kwa ajili ya barabara mbaya. Fremu ililazwa nyuma, nafasi baina ya magurudumu ikawa ndefu, usukani ukawekwa karibu na kifua ili mtu akae wima, na kiti cha ngozi kikaegemezwa juu ya springi. Baada ya uhuru, umbo hilohilo liliendelea kupitia baiskeli za China, hususan chapa ya Phoenix ya Shanghai, na kupitia baiskeli ya Swala iliyotengenezwa nchini. Uhusiano na China uliimarishwa na ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, ambapo sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za China katika soko la Tanzania. Jina lililobandikwa kwenye fremu lilibadilika, lakini umbo la kiti na la fremu lilibaki lilelile.

Umbo hilo lilikuwa la haki kwa mtu mmoja. Mwendeshaji hukaa baina ya magurudumu mawili, mbele ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la nyuma likipanda jiwe la sentimita nne, kiti kilicho mbele ya ekseli huinuka pungufu ya kimo hicho, na springi za kiti hupunguza kilichobaki. Abiria hukaa kwenye keria, moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma. Yeye huinuka sentimita zote nne, na chini yake hapana springi, pana vyuma vitatu au vinne vilivyolazwa. Hivyo katika safari moja, juu ya jiwe moja, watu wawili walipata mishtuko miwili tofauti.

Watumiaji hawakukubali hali hiyo kimya. Sponji iliyofunikwa kwa ngozi bandia na kufungwa kwenye keria, vipigio vya miguu vilivyochomelewa kwenye ekseli, na mpini mfupi uliowekwa nyuma ya kiti cha mbele ili abiria apate pa kushika, yote ni marekebisho ya mafundi wa Afrika Mashariki. Kwa mwanamke aliyevaa khanga, aliyekaa upande na kuiacha miguu yote ikining'inia kushoto, marekebisho hayo yalisaidia nusu tu. Mgongo wake ulijipinda ili kutunza mizani, na kila mshtuko ulimfikia akiwa amejipinda.

Ni lazima pia kukumbuka kwamba starehe ilikuwa na msimu. Uchumi wa Mtwara ulisimama juu ya korosho. Mavuno ya nchi yalifikia takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo kuhamishiwa watu vijijini mbali na mikorosho yao, bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga. Miaka hiyohiyo ndiyo miaka ya uhaba wa bidhaa. Tairi na tyubu zilipoadimika, gurudumu lilitiwa viraka juu ya viraka, na gurudumu la namna hiyo halistahimili upepo wa kutosha. Kupungua kwa starehe, kwa hiyo, ni kipimo kimojawapo cha mgogoro wa uchumi ambacho takwimu za mauzo ya nje hazikionyeshi.

4.0 Kutoka pikipiki ya bwana shamba hadi bodaboda

Kwa muda mrefu pikipiki katika eneo hili ilikuwa chombo cha ofisi. Ilikuwa ya mmishonari, ya bwana shamba, ya mtafiti wa kituo cha Naliendele, ya fundi wa mradi wa maji uliofadhiliwa na Ufini tangu miaka ya 1970. Aliyeipanda alikuwa peke yake, alikuwa na safari yenye posho, na pikipiki yake mara nyingi ilikuwa ya Kijapani, yenye shokapu ndefu zilizokusudiwa njia za porini. Kwa wanakijiji, sauti ya pikipiki ilimaanisha mgeni wa serikali au wa mradi.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoingia kwa wingi. Nyingi za Kichina zilijengwa juu ya mfumo wa injini ya Honda CG125, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako matengenezo yangekuwa haba. Biashara ya bodaboda, ambayo jina lake lilitoka kwenye baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, ikashuka hadi Ruvuma. Kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010 ziliitambua pikipiki kuwa chombo cha kubebea abiria kwa malipo.

Tukiisoma pikipiki ya bodaboda kama waraka, tunaona kwamba kwa mara ya kwanza abiria ameandikwa ndani yake. Kiti ni kirefu na kimoja. Shokapu za nyuma ni mbili na zinaweza kukazwa kulingana na uzito. Baadhi zina springi ndani ya springi. Pana vikanyagio vya abiria na keria ya chuma nyuma yake. Watengenezaji wa India, ambao soko lao la nyumbani lilizoea familia nzima juu ya pikipiki moja, walielewa jambo ambalo Nottingham haikulizingatia, kwamba chombo cha mnyonge hubeba zaidi ya mtu mmoja.

Hata hivyo mazoea yalikivuka kipimo cha mtengenezaji. Desturi iitwayo mshikaki, yaani kupanga abiria wawili au watatu mmoja nyuma ya mwingine, iliusukuma uzito nyuma ya ekseli. Shokapu zikifika mwisho wa mwendo wake, pikipiki hurudi kuwa keria isiyo na springi. Sheria ilikataza mshikaki kwa sababu ya usalama. Katika uchambuzi wa starehe, mshikaki unaeleza jambo la ziada: aliyekaa mwisho ndiye aliyelipia nafuu ya nauli kwa mgongo wake.

5.0 Barabara kama sehemu ya kiti

Haiwezekani kupima kiti bila kupima ardhi iliyo chini yake. Katika eneo la utafiti ardhi ni ya aina tatu. Ya kwanza ni mchanga wa pwani, hasa njia za Msimbati, ambamo gurudumu jembamba huzama na mwendeshaji hulazimika kushuka na kusukuma. Ya pili ni udongo mwekundu wa njia za ndani, ambao kiangazi hujikunja kwa mawimbi madogo kama bati. Ya tatu ni lami, iliyotawala mjini na kwenye barabara kuu ya kwenda Lindi kabla ya kuingia polepole kwenye njia za uwanda wa Makonde, ikianza na kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata.

Aina ya pili inastahili maelezo marefu zaidi. Mwili wa mtu aliyeketi huitikia kwa nguvu zaidi mtikisiko wa wima wenye mapigo kati ya manne na manane kwa sekunde, jambo linalozingatiwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 2631 cha mwaka 1997. Tuchukue mfano wa mawimbi yaliyoachana kwa sentimita 70. Chombo kinachokwenda kilomita 18 kwa saa, yaani mita tano kwa sekunde, hupata takriban mapigo saba kwa sekunde, ndani kabisa ya eneo la maumivu. Kikienda kilomita 36 kwa saa, mapigo huwa kumi na manne, na mwili huyahisi kama mvumo kuliko kama vipigo. Ndiyo sababu dereva wa bodaboda huongeza kasi penye mawimbi na kudai kwamba pikipiki inakuwa laini. Yuko sahihi kuhusu ulaini. Lakini kwa kasi hiyo tairi haligusi ardhi wakati wote, na breki na usukani hupoteza nguvu.

Hapa ndipo suala la starehe linapoacha kuwa dogo. Kwa mama mjamzito anayepelekwa kujifungua, uchaguzi ni kati ya mwendo wa pole unaomtikisa na mwendo wa kasi unaomhatarisha. Usafiri wa dharura wa vijijini umekuwa juu ya vyombo ambavyo havikumpa mgonjwa uchaguzi wa tatu. Chombo kisicho na starehe huzalisha kasi, na kasi huzalisha ajali. Historia ya ajali za bodaboda isiyotaja shokapu na mawimbi ya barabara inawabebesha vijana wanaoendesha lawama ambayo kwa sehemu ni ya chombo na ya barabara.

6.0 Baiskeli ya umeme yenye sura ya pikipiki ya zamani

Aina mpya ya chombo iliyotajwa mwanzoni mwa insha hii ilichanua Marekani, hasa California, katika miaka ya 2010. Kampuni kama Vintage Electric na Super73 zilitoa baiskeli za umeme zenye fremu ndefu na ya chini, taa kubwa ya duara, usukani mpana, matairi manene na kisanduku kilichotundikwa mahali pa tangi la mafuta.

Kisanduku hicho kina historia yake. Pikipiki za mwanzo zilikuwa baiskeli zilizofungwa injini, na tangi lilining'inizwa chini ya bomba la juu kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Kampuni ya Schwinn ya Chicago iliacha kutengeneza pikipiki mwaka 1931 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1933 ilitoa baiskeli yenye matairi manene ya zaidi ya inchi mbili, na mwaka 1934 ikatoa baiskeli ya Aerocycle yenye tangi la bandia. Tangi lisilo na mafuta lilikuwa faraja kwa vijana ambao pikipiki halisi ilikuwa mbali nao. Katika baiskeli ya umeme ya leo tangi la bandia limerudi kubeba nishati, kwa kuwa ndani yake mna betri. Umbo limepitia hatua tatu: kazi, pambo, na tena kazi.

Je, starehe inayosifiwa ni ya kweli? Kwa masharti fulani, ndiyo. Tairi nene lenye upepo mdogo humeza mawimbi madogo vizuri kuliko tairi jembamba, na juu ya mchanga halizami haraka. Kwa njia ya Msimbati sifa hii si pambo. Mota ya umeme haina mtikisiko wa injini ya mipigo, kwa hiyo mikono na nyayo za mwendeshaji hupumzika. Kiti cha chini humwezesha kuweka miguu yote ardhini anaposimama, jambo lenye manufaa kwa mwenye mzigo.

Lakini uchambuzi wa sehemu zilizotangulia unatuonesha pia mapungufu yake. Kwanza, aina nyingi hazina shokapu za nyuma, na tairi peke yake halitoshi shimo linapokuwa refu kuliko unene wake. Pili, mota iliyowekwa ndani ya gurudumu la nyuma hulifanya gurudumu kuwa zito, na gurudumu zito hupiga kwa nguvu zaidi na huchelewa kurudi chini baada ya kurushwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, kiti chake kinachofanana na cha pikipiki kimekusudiwa kwanza mtu mmoja anayetembea kwa burudani kando ya bahari. Mwingine akiketi nyuma anarudi palepale alipokaa bibi yake mwaka 1970, juu ya ekseli isiyo na springi. Sura ni ya pikipiki, lakini mgawanyo wa starehe ni wa baiskeli ya chuma.

Afrika Mashariki imeonesha njia nyingine. Ampersand nchini Rwanda, Zembo nchini Uganda na Roam nchini Kenya zimetoa pikipiki za umeme zilizoanza na abiria na mzigo, zikiwa na kiti kirefu, shokapu za kweli na, kwa baadhi, utaratibu wa kubadilishana betri vituoni. Hazina mvuto wa zamani, na mwonekano wake ni wa kazi. Kwa kipimo cha insha hii ndizo zilizo karibu zaidi na mahitaji ya Kilambo na Nanyamba.

Mtwara ina sababu ya pekee ya kulifuatilia suala hili. Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 na ilianza kuzalisha umeme wa mkoa katika miaka ya 2000. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2015, lilitanguliwa na mgogoro mkali wa mwaka 2013, ambapo wakazi walidai kuona kwanza manufaa ya gesi iliyo chini ya miguu yao. Chombo cha umeme kinachochajiwa kwa nguvu itokanayo na gesi ya Msimbati kingekuwa jibu dogo lakini la kushikika kwa dai hilo. Kingeibadilisha gesi kuwa safari ya zahanati.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba kuanzia baiskeli ya inchi 28, kupitia bodaboda, hadi baiskeli ya umeme yenye sura ya kale, starehe imekuwa ikigawanywa kwa namna isiyo sawa juu ya chombo kimoja. Kila kizazi cha chombo kilibeba dhana ya mpandaji wake: Mwingereza mmoja aliyekaa wima, bwana shamba mwenye safari ya kikazi, familia ya Kihindi, kijana wa California. Abiria wa Mtwara alipata nafuu pale tu dhana hiyo ilipokaribiana naye kwa bahati, au pale fundi wa kijijini alipoirekebisha kwa sponji na chuma.

Kwa watafiti, matokeo haya yanapendekeza kwamba kiti na keria vichukuliwe kuwa vyanzo vya historia ya jamii sawa na barua za ofisi na ripoti za miradi. Kwa wanaopanga usafiri wa umeme kusini, yanapendekeza kipimo chepesi. Kabla chombo hakijaitwa cha starehe, kipandwe na watu wawili, mmoja akiwa amekaa upande, kwenye mchanga wa Msimbati na kwenye udongo mwekundu wa kiangazi, kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa. Kisha aulizwe kwanza aliyekaa nyuma.